Mtu Aliyemsomea Baba Saa

Baba alipokata roho, katika hospitali moja huku Virginia, muuguzi aliinua macho akatazama saa ya ukutani, akataja saa na dakika ili mwenzake aandike. Alikuwa binti mpole na alifanya kazi yake kwa adabu. Lakini mimi, badala ya kusema inna lillahi kama watu, nilimuuliza, "Una hakika saa hiyo iko sawa?" Akanishika bega. Bila shaka alidhani majonzi yamenipanda kichwani.

Hayakunipanda popote. Ndivyo nilivyolelewa. Nyumbani kwetu saa ilitiliwa shaka kama anavyotiliwa shaka muuza samaki anayekuapia kwamba samaki wake ni wa leo. Tangu tumzike nimekuwa nikiikumbuka baridi ile ya kwanza Bibi alipokuja kukaa nasi, baridi ambayo nilimshuku baba yangu mzazi kuwa ni jasusi. Wenzangu mliokulia mji mkuu wa Marekani enzi zile mtanielewa. Kila kipindi cha televisheni kilikuwa na mtu mwenye koti refu na simu, na sisi tulikaa katika mji wenyewe ambamo watu hao wa makoti marefu walisemekana kufanya kazi. Baba alikuwa na koti refu. Simu tulikuwa nayo.

Tulikaa Columbia Heights, mtaa wa mji huo, miaka mingi kabla ya maduka makubwa na treni ya chini ya ardhi kufika. Dirisha la jikoni lilitazama kiwanja kitupu ambapo nyumba ziliwahi kuungua na hakuna aliyejishughulisha kuzijenga tena, na ng'ambo yake mapaa mengi, na nyuma ya mapaa hayo jua lilizama. Baba, mtu wa Unguja, alikuwa dereva wa ubalozi mmoja. Mama, mzaliwa wa Mombasa, alifua mashuka ya hospitali, akirudi mikono imemchujuka na nguo zote zinanuka jiki. Bibi, mama yake Baba, alitufikia majani yalipoanza kugeuka rangi, baada ya shangazi yangu aliyekuwa akiishi naye Mombasa kufariki. Hakuja kwa kupenda. Hakuwa na pengine pa kwenda, na alihakikisha kila mmoja wetu analijua hilo.

Alikuja na sanduku moja na saa ndogo ya mezani ya kutia ufunguo. Kila siku jua likikaribia kuzama alisimama dirishani, saa mkononi, ushungi kichwani, na jicho lake likiwa limeyakazia mapaa yale. Jua likitoweka, aliisogeza mishale mpaka saa kumi na mbili kamili, kisha akaenda kuswali. Kwa watu wa umri wake, siku mpya huanza magharibi, na saa ya nyumba ndiyo inayopaswa kulifuata jua. Kwao Unguja kazi hiyo ilikuwa nyepesi. Jua la kule halina makuu. Mwaka mzima huzama karibu wakati uleule, unasogeza mshale kidogo na kuendelea na shughuli zako. Hili la kwetu lilimtia wazimu. Kila siku lilizama mapema kuliko jana, na kila siku Bibi aliisahihisha saa yake huku akilisonya kama mfanyakazi anayetoroka kazini.

Halafu ikaja ile Jumapili ya serikali kurudisha saa nyuma. Baba alimweleza taratibu, kwamba ndivyo nchi hii inavyofanya mara mbili kwa mwaka.

"Saa nzima?" Bibi akauliza.

"Saa nzima, Mama."

"Na hiyo saa nzima wameipeleka wapi?"

Baba akacheka. Bibi hakucheka. Alisubiri mpaka ametoka jikoni, akanigeukia mimi. "Serikali inayogeuza saa, mwanangu, haishindwi kugeuza mtu."

Sikujua ana maana gani, lakini niliona namna alivyoutazama mlango ambao Baba ametokea. Kati yake na Baba kulikuwa na kitu. Hawakugombana, wala hawakuinuliana sauti. Ila Baba akiingia sebuleni, Bibi alikumbuka jambo chumbani. Baba akimsalimia, "Shikamoo, Mama," alijibu "Marahaba" kwa sauti ambayo ungeitumia kumjibu karani wa posta. Nami nilimpenda Baba, na nilimpenda Bibi vilevile, na kuwa katikati yao kulinichosha kuliko shule.

Nilikuja kuambiwa sababu siku moja tukichambua mchele mezani. Mimi nilikuwa mtoto wa Kimarekani. Naelewa Kiswahili chote, najibu kwa Kiingereza, na Bibi naye akiendelea kama vile sijajibu. Alinisimulia kwamba Baba alikuwa na kaka, Nassor, mtoto wake wa kwanza. Baada ya serikali kupinduliwa kule Unguja, walikuja nyumbani watu wenye bunduki wakamchukua, na mpaka leo hajarudi.

"Walikuja jioni ambayo Nassor yupo nyumbani," alisema, vidole vikiendelea kutafuta mawe. "Siku zote halali nyumbani, siku hiyo yupo. Nani kawaambia? Na baba'ko, kijana wa nyumba hiyohiyo, wakati huohuo hayupo. Kaja anahema, wenzake wamekwisha kwenda."

Nilishtuka kwa lile neno "wenzake". Nilimuuliza, kwa Kiingereza changu, kama anamaanisha Baba alikuwa mmoja wao.

"Mimi sisemi kitu," Bibi akasema. "Mchana wa siku hiyo watu walimwona kasimama pembeni na kijana mmoja wa hao. Wanaongea. Hilo walioona ndio waliosema. Mimi nachambua mchele."

Kuanzia siku hiyo nikaanza kumtazama Baba, na mtu ukishaanza kumtazama hakosi kufanya jambo. Yeye alikuwa na lake. Kila jioni akirudi kazini, kabla ya kuvua koti, aliingia jikoni, akainua mkono wa simu, akazungusha namba asiyohitaji kuitafuta popote. Akatupa mgongo. Akasikiliza. Hakusema alo, hakusema kwaheri. Alisikiliza, kichwa kimeinama, bega limeibana simu sikioni, kisha akakata na kuuliza kuna nini cha kula.

"Umeona?" Bibi alininong'oneza. "Mtu anayesikiliza asiseme, huyo anapokea amri. Nimewaona watu wa namna hiyo. Nimekaa nao mtaa mmoja."

Nilimuuliza Mama. Alikuwa anakuna nazi kwa tabu, maana nazi za huku zilifika zimekauka, na hakuwa na subira na mtu.

"Yuwacheki saa tu, wewe. Kuna namba ya kupiga ukaambiwa saa. Wataka nini?"

Jibu hilo halikuniridhisha hata kidogo. Saa gani inayohitaji kuchekiwa kila siku ya Mungu? Mwalimu wetu alikuwa na saa ya mkononi na sikumwona akimpigia mtu simu. Na kama ni saa tu, kwa nini atupe mgongo? Leo ninajua kwamba alikuwa anarekebisha saa yake ya mkononi, mikono yote miwili mbele ya kifua, na ndiyo maana hatukuiona. Wakati ule niliona mgongo tu, na mgongo wa mtu unaweza kuubebesha maana yoyote utakayo.

Nikaazimia kuisikia sauti hiyo mwenyewe. Nilisimama karibu yake jioni mbili tatu nikajifanya nakunywa maji, mpaka macho yangu yakazishika tarakimu kidole kilipozungusha. Siku iliyofuata, nikitoka shule, Mama yuko kazini, Bibi akanisimamia mlangoni kama mlinzi, nami nikapiga.

Mwanamume alijibu palepale, hata kengele haikulia vizuri. Alikuwa na sauti nzito, iliyonyooka, ya mtu aliyevaa tai. Nyuma yake palikuwa na kitu kinagonga, tik, tik, tik. Akataja saa, dakika na sekunde, ukapigwa mlio mwembamba, akanyamaza. Nikasema "Hello." Akataja nyingine. Nikamwambia mimi ni binti wa dereva. Hakujali. Nilimwona waziwazi kichwani: mtu ameketi katika chumba kisicho na dirisha, saa mbele yake, amekatazwa kujibu, na katika mji mzima watu wenye makoti marefu wanamsikiliza ili wajue wakati wa kufanya jambo. Nikakata simu.

"Kasema nini?" Bibi akauliza.

Safari hii nilimjibu kwa Kiswahili, kwa hofu. "Anasema saa tu. Saa na dakika. Tena na tena."

Bibi alikaa kwenye kiti. Nilidhani angefurahi kwamba tumemshika, lakini uso ulimwanguka kabisa, na hapo ndipo nilipojua kwamba siku zote hizo alikuwa akitumaini nimletee jambo jingine. "Hata wale wenye bunduki," akasema, "walikuwa wanapeana saa."

Jioni hiyo alimwambia Mama kwamba anataka kuondoka. Yuko mpwa wake Maskati, aandikiwe amchukue. Hawezi kulala nyumba hii. Mama akamsihi, "Hivyo sivyo, Mama, wewe wenda wapi na baridi hii, na huyo mpwa hata hatumjui?" Ikabidi sababu itajwe, na ilipotajwa Baba alikuwa amesimama mlangoni, koti bado mwilini. Nilitegemea atakasirika. Alijikuna shavu. Aliniangalia mimi, akamwangalia mama yake, akasema kwa utulivu, "Basi nitawapeleka mkamwone huyo ninayempigia. Mkirudi, Mama, ukitaka Maskati nitakukatia tiketi mwenyewe."

Sikulala vizuri siku zilizofuata. Nilitaka sana Bibi asiondoke, na nilimwogopa sana yule mtu wa tai. Ikiwa Baba ana ujasiri wa kutuonesha, je, hatutaonwa nasi na kuandikwa?

Mahali penyewe palikuwa juu ya kilima, kwenye barabara ile ya mabalozi ambayo Baba aliijua kama chumba chake. Ni kituo cha kutazama nyota, mali ya jeshi la majini, na enzi zile jioni moja ya wiki waliruhusu watu waingie kutembezwa. Bibi alishasahihisha saa yake kabla hatujatoka, akaitia mkobani akaja nayo. Langoni kulikuwa na askari wenye bastola kiunoni. Wakatuuliza majina, wakamulika ndani ya gari kwa tochi. Bibi akanibana mkono. "Wa kuuliza saa anachunguzwa hivi?" Nami kwa mara ya kwanza nilikuwa upande wake moja kwa moja.

Aliyetutembeza alikuwa kijana mwenye sare ya wanamaji, pua nyekundu kwa mafua. Tulikuwa kikundi kidogo, wengine wote wazee wa Kizungu waliovaa viatu vya kutembelea. Alituonesha darubini kubwa, ambayo Bibi aliipita bila kuitazama, kisha akatufikisha mbele ya kioo kipana. Nyuma yake kulikuwa na makabati ya vyuma na tarakimu nyekundu zikikimbia. Hizo ndizo saa, akasema. Kutoka hapo saa ya taifa hutolewa, pamoja na ile ya kwenye simu.

"Yuko wapi yule mtu?" nikauliza.

Alicheka akapenga kamasi. Hakuna mtu. Ile ni sauti iliyorekodiwa, mashine inayapanga maneno. Sikumwamini kabisa. Nilichungulia nyuma ya makabati kadiri nilivyoweza.

Bibi alinigusa. "Muulize, wao saa zao wanazisahihisha magharibi au adhuhuri?"

Nikatafsiri. Kijana akaona swali ni zuri, akalijibu kwa raha. Zamani walitumia nyota. Siku hizi wana saa nyingi na wanazilinganisha zenyewe kwa zenyewe usiku na mchana, maana hakuna hata moja inayoaminiwa peke yake. Itakayoanza kwenda kombo, wenzake wataisema.

Bibi alitikisa kichwa kwa heshima. Nadhani lilikuwa jambo la kwanza la nchi hii kumpendeza. "Hapo wamefanya la maana," akasema. "Mimi pia simwamini mtu peke yake."

Kijana akaendelea. Mwanzoni mwa karne, alisema, kila adhuhuri mlio ulitoka kwao kwa waya za simu ya maandishi ukaenda nchi nzima, na hapa mjini mpira mkubwa ukaachiwa ushuke kwenye mlingoti, ili mafundi saa na wakuu wa stesheni warekebishe saa zao. Kabla ya hapo kila mji ulikuwa na saa yake, umeichukua kwenye jua lake. Akatupa mfano. Treni mbili zinatumia reli moja, kila dereva ana saa yake, na saa zote mbili ni nzima, ila moja inafuata jua la mji huu na nyingine la mji ule. Mmoja anaona bado ana muda wa kupita. Watu wanakufa, na ukizichunguza saa huoni iliyoharibika.

Nilimtafsiria Bibi kwa Kiswahili changu cha kuokoteza. Nikafika mwisho. Aliniambia nirudie hapo pa saa mbili zote nzima. Nikarudia. Kikundi kikasogea mbele na kijana wake, sisi tukabaki pale kwenye kioo, na Bibi akageuka taratibu akamtazama Baba. Nadhani ndiyo mara ya kwanza nilimwona akimtazama usoni.

"Seif. Siku ile uliangalia saa gani?"

Baba hakuuliza siku gani. "Yangu ya mkononi, Mama. Ilikuwa mbovu."

"Muongo. Saa ya mkono ulikuwa nayo wapi wewe? Viatu vyenyewe ulikuwa unavaa vya Nassor." Sauti yake ilianza kupanda. "Nyumba ile saa ilikuwa moja. Uliangalia saa gani?"

Baba alitazama sakafu. Halafu akasema, haraka, kama mtu anayeshusha mzigo kabla haujamponyoka. Yule kijana aliyeonekana naye alisoma naye darasa moja, na alimwita pembeni kumwonya: mwambie kaka'ko asiwepo nyumbani saa kumi na moja. Baba akakimbia nyumbani, akatazama saa ya ukutani. Ikamwambia ni saa kumi na dakika kidogo. Akaona muda upo, aende kwanza mtaa wa Ng'ambo kwa shangazi yake kumtafutia Nassor pa kujificha, kisha arudi amtoe.

"Yeye alikuwa anasema saa ya redio, Mama. Saa ya serikali. Yetu ilikuwa nyuma ya hiyo zaidi ya nusu saa. Mimi sikulifikiria hilo. Nimekuja kulifahamu baadaye."

"Saa yangu," Bibi akasema.

"Haikuwa mbovu. Ilikuwa sawa na jua."

"Saa yangu mimi. Niliyoisahihisha kwa mkono wangu."

Baba akaendelea kutazama sakafu. Hata mimi, kwa akili yangu ya kitoto, niliona lote kwa pamoja, na nikamwonea baba yangu huruma. Kila jioni alimpigia yule mtu kwa sababu aliwahi kuiamini saa moja tu, na kila mwaka alinyamaza ili mama yake asijue saa hiyo ilikuwa ya nani.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa huli, Mama. Hulali. Ulikuwa unanidhania mimi, na ukinidhania mimi angalau unapata nguvu ya kuamka." Akainua macho. "Nikaona bora iwe mimi."

Bibi akamkamata kola ya koti kwa mikono miwili. Nilidhani anampiga. Alimtikisa, akalia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kabla wala baada yake, sauti ya msibani, katika ukumbi ule wa saa. Wazee wa Kizungu wakageuka wote. Mlinzi akatoka mlangoni akija kwetu kwa hatua ndefu, mkono karibu na kiuno, macho kwa Baba: mwanamume mrefu mweusi mwenye koti refu, na bibi kizee anamlilia kifuani akimng'ang'ania. Akamwamuru Baba arudi nyuma. Baba akainua mikono juu lakini hakuweza kurudi nyuma, alikuwa ameshikwa.

"Mama," mlinzi akamwambia Bibi kwa Kiingereza, "unamjua mtu huyu?"

Bibi akanitazama mimi, machozi yanamchuruzika mpaka kwenye ushungi. "Anauliza nini?"

"Anauliza kama unamjua."

Hakumwachia. Alijisogeza, mwanamke mfupi kuliko mimi, ninavyokumbuka, akasimama kati ya Baba na yule mlinzi.

"Mwambie ni mwanangu. Mwambie namjua, na asimguse."

Nikamwambia. Mlinzi akashusha mkono.

"Mwambie tena," Bibi akasema.